Queen: Greatest Hits ya kwanza, ya pili au ile ya roki tupu? Pima kabla hujalipa

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu usiku kutoka Tanga, ndiyo kwanza ametoka kuangalia ile filamu ya 2018 ya maisha ya Freddie Mercury. "Shikamoo mjomba. Nimeingia mtandaoni nisikilize Queen, nimekuta Greatest Hits chungu nzima. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja ina jalada jekundu, nyingine inaitwa Absolute. Na bando langu lenyewe dogo. Nishushe ipi?"

Nikamwambia alale, nitamjibu. Siku mbili zilizofuata nikazisikiliza zote upya, moja baada ya nyingine, hedifoni masikioni na orodha za nyimbo mezani. Jibu likawa refu kuliko simu, nikaona bora niliandike, maana najua si yeye peke yake anayekwama hapo.

Swali hilo nalichukulia kwa uzito. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba yake akiwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Leo ukipita Shangani utaona watalii wamejipanga kupiga picha mbele ya makumbusho yake, yaliyofunguliwa Novemba 2019. Wengi wetu tunaijua nyumba ile kuliko tunavyozijua nyimbo zake, na hilo linaniuma. Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanze vizuri.

Zinazoshindana hasa ni mbili

Weka pembeni kwanza makorokoro mengine. Kuna Greatest Hits, yaani mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, ya Oktoba 1981, nitaiita ya Kwanza, na Greatest Hits II ya Oktoba 1991, nitaiita ya Pili. Nazungumzia matoleo ya Uingereza. La Marekani nitalifikia, lina mtego wake. Kila moja ina nyimbo 17, na hakuna hata wimbo mmoja unaojirudia. Ya Kwanza inachota kuanzia 1974 hadi 1980, ya Pili kuanzia 1981 hadi 1991. Ya Kwanza inakwisha ndani ya saa moja, ya Pili inataka saa moja na robo.

Kwa mauzo hakuna ubishi. Ya Kwanza ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Mwaka 2022 ilivuka nakala milioni 7 nchini humo. Ya Pili nayo imo katika kumi bora za orodha hiyohiyo. Ila mauzo hayakwambii wewe utapenda nini, kwa hiyo tuzifungue.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu nani katunga nini, na hesabu ile ikanifumbua macho kuliko nilivyotarajia. Katika ya Kwanza, nyimbo 10 kati ya 17 zimetungwa na Freddie peke yake. Tano ni za Brian May, mpiga gitaa. Mbili ni za John Deacon, mpiga besi. Roger Taylor, mpiga ngoma, hana hata mmoja. Sasa geukia ya Pili: Freddie ana wimbo mmoja tu wa jina lake peke yake, It's a Hard Life, na mwingine kachangia na Deacon. Taylor anao wawili, Brian wawili, Deacon mmoja. Tisa zimeandikwa kwa jina la bendi nzima, na mmoja, Under Pressure, ni wa bendi pamoja na David Bowie. Kuanzia kazi zao za 1989 wale wanne walikubaliana kila wimbo uandikwe wa wote, yaishe yale mabishano ya nani kaandika nini na nani apate kiasi gani.

Kwa hiyo ukinunua ya Kwanza umenunua kichwa cha Freddie kikiwa katika ubora wake, kijana wa miaka chini ya thelathini na tano anayechanganya opera, piano za kumbi za zamani, injili ya Wamarekani weusi na gitaa zito, bila kumwomba mtu ruhusa. Ukinunua ya Pili umenunua bendi: watu wanne wanaojuana vizuri, kila mmoja anajua aachie wapi mwenzake apite. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na uamuzi wako ningependa uanzie hapo.

Ya Kwanza, kwa karibu

Chukua Bohemian Rhapsody, ndio unaofungua. Ulirekodiwa 1975, sehemu kubwa katika studio ya Rockfield huko Wales. Ile sehemu ya katikati inayosikika kama kwaya ya opera yenye watu mia haina kwaya. Ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wakiimba na kurudia, sauti juu ya sauti, kwa wiki kadhaa. Kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno hata ikachakaa. Brian May amesimulia kuwa ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Vaa hedifoni usikilize sauti zinavyorushiana maneno, moja sikio la kushoto, nyingine la kulia, zile nyembamba kabisa za Roger zikipanda mpaka unahisi glasi itapasuka. Halafu katikati ya vurugu hiyo inatamkwa Bismillah. Mswahili yeyote anayeisikia mara ya kwanza hugeuza shingo. Mimi niligeuza, nikiwa mtoto, kwenye kaseti ya mjomba wangu iliyokuwa imechoka kiasi kwamba kila mara tulikuwa tukiisokota kwa kalamu.

Mbinu hiyohiyo ya sauti tatu utaikuta Somebody to Love, ila huko wamejigeuza kwaya ya kanisa, maana Freddie alikuwa akimhusudu Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani aliyekulia kwenye injili. Ukiweza kuzisikiliza hizo mbili mfululizo utaelewa kwa nini nasema chombo kikuu cha bendi hii katika miaka ya sabini kilikuwa koo.

Kisha Now I'm Here. Huu usiupite haraka. Unaanza na gitaa likigonga taratibu kama mtu anayebisha hodi, sauti ya Freddie inatokea upande mmoja, mara unaisikia upande wa pili, kama amekuzunguka gizani. Kwenye spika moja ya simu utapoteza kabisa ujanja huo. Vivyo hivyo Another One Bites the Dust: wimbo mzima umesimama juu ya besi ya Deacon, aliyekuwa akipenda muziki wa Chic, bendi ya disko ya Marekani, na spika ndogo ya simu inaila besi hiyo yote, unabaki na makofi na sauti. Kama huna hedifoni nzuri, azima.

We Will Rock You kila mtu anaujua, hata asiyejua Queen ni nini. Uwanjani Dar, uwanjani Nairobi, miguu miwili kofi moja. Wachache wanajua kuwa mle hamna ngoma hata moja hadi mwisho. Ni miguu ya wanabendi ikikanyaga mbao studioni, kofi juu yake, ikarekodiwa tena na tena kwa kuchelewesha kidogo ili isikike kama umati. Gitaa linaingia mwishoni tu, na likiingia linakata kama shoka. Gitaa hilo Brian alilitengeneza mwenyewe akiwa mvulana, yeye na baba yake, kuanzia 1963. Shingo yake ni mbao ya zamani iliyotolewa kwenye sehemu ya kuotea moto. Na halipigi kwa kipande cha plastiki kama wengine, anatumia sarafu ya peni sita. Ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti ni chuma juu ya chuma.

Sasa lawama. Ukija kwenye ya Kwanza ukitafuta roki nzito, utakuwa na njaa. Now I'm Here, Seven Seas of Rhye, Fat Bottomed Girls, mwisho wa We Will Rock You, ile sehemu ya Bohemian Rhapsody inayofuata opera: zilizobaki ni piano, mapenzi, utani na baiskeli (ndiyo Bicycle Race). Zinapendeza, Don't Stop Me Now kwangu ni furaha iliyofungwa kwenye dakika tatu na nusu, lakini gitaa ndani yake karibu halipo, limepewa nafasi ndogo katikati kisha likaondoka. Tena Fat Bottomed Girls iliyomo humu ni ile iliyofupishwa kwa ajili ya redio, karibu dakika nzima imekatwa ukilinganisha na ile ya albamu ya 1978. Flash nao, uliotoka kwenye muziki wa filamu, peke yake hauna miguu, mimi huuruka.

Mpangilio, hata hivyo, hauna mfano. Unaanza na Bohemian Rhapsody, unamalizia We Will Rock You kisha We Are the Champions, jozi ileile waliyokuwa wakifungia maonyesho yao. Ukiisikiliza kwa mpangilio wake, ukifika mwisho unajikuta umesimama.

Ya Pili, kwa karibu

Watu hudhani ya Pili ni laini kwa sababu ya Radio Ga Ga na I Want to Break Free, zenye vinanda vya kielektroniki na mashine za ngoma. Ni kweli kwamba miaka ya sabini Queen walikuwa wakijisifu kwenye majalada kwamba hawatumii vinanda hivyo, na kufika miaka ya themanini wakavikumbatia kwa mikono miwili. Hata ile solo ya I Want to Break Free, inayodhaniwa na wengi kuwa gitaa, ni kinanda, na aliyepiga ni Fred Mandel, mgeni kutoka Kanada. Radio Ga Ga nao ulianza na neno la utotoni la mtoto wa Roger Taylor.

Lakini hesabu gitaa zito: I Want It All, Hammer to Fall, Headlong, One Vision, na sehemu ngumu za Innuendo na The Show Must Go On. Ni nyingi kuliko za ya Kwanza, na zimerekodiwa kwa ukubwa zaidi. Hizi hazitaki hedifoni. Zinataka gari, vioo vimefungwa, barabara ndefu. Nimezijaribu kati ya Chalinze na Segera, na Hammer to Fall ukiingia mguu wenyewe unakanyaga mafuta, kwa hiyo jihadharini.

Wimbo unaonifanya niipende ya Pili ni Innuendo. Dakika sita na nusu, ulitoka Januari 1991 ukapanda moja kwa moja namba moja Uingereza. Unatembea kwa mwendo wa msafara, ngoma kama za kijeshi, kisha katikati kila kitu kinasimama na linaingia gitaa la Kihispania, vidole vinakimbia kama mvua kwenye bati. Anayepiga si Brian peke yake. Walimwita Steve Howe wa bendi ya Yes, aliyekuwa amewatembelea tu studioni. Halafu gitaa la umeme linarudia maneno yaleyale ya lile la Kihispania, sasa kwa hasira. Sijui mkusanyiko mwingine wa bendi ya roki ambao ungethubutu kuweka kitu kama hicho katikati ya nyimbo za redio.

Kuna uzito wa aina nyingine pia. Albamu hii ilitoka mwisho wa Oktoba 1991, na Freddie akafariki tarehe 24 Novemba, hata mwezi haujatimia. Wengi wa wasikilizaji wake hawakuwa na habari. Alitangaza kuwa ana UKIMWI siku moja kabla ya kufa. Rudi usikilize I'm Going Slightly Mad na The Show Must Go On ukijua hilo. Brian May, aliyeandika sehemu kubwa ya huu wa mwisho, amesimulia kuwa alikuwa na wasiwasi kama Freddie ataweza kuzifikia zile noti za juu, hali yake ilikuwa mbaya hata kutembea ni tabu. Freddie akanywa vodka kidogo, akaingia, akauimba. Sikiliza pale sauti inapopanda kabla ya kibwagizo cha mwisho. Huyo ni mgonjwa. Mimi kila nikifika hapo naacha ninachofanya.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa kwa ya Pili: baada ya wimbo huo wakaweka One Vision. One Vision ni wimbo mzuri, waliutengeneza wakiwa na moto wa Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985, ila baada ya The Show Must Go On unataka kimya. Dawa yake rahisi: panga orodha yako mwenyewe, One Vision uupeleke mwanzo, ambako unafaa kabisa kwa ufunguzi, na The Show Must Go On ubaki wa mwisho.

Friends Will Be Friends pia huuruka. Na anayetafuta These Are the Days of Our Lives humu atazunguka bure, haumo. Watu wengi wanakosea hapo, kwa kuwa ulitoka kama singo Desemba ileile ya 1991, pamoja na Bohemian Rhapsody, ukakaa namba moja.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje nikizungumzia miaka hiyo ya themanini, kwa sababu sisi ni Waafrika na hatuwezi kulipita kimya. Oktoba 1984 Queen walikwenda kuimba Sun City, Bophuthatswana, eneo lililotengwa na serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini ya ubaguzi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Walikosea, tena mtu aliyezaliwa Unguja ndiye aliyesimama mbele. Nazipenda nyimbo hizo na sijaacha kuzisikiliza, lakini mpwa wangu lazima alijue hili kama anavyojua habari za Live Aid.

Kama umetoka kwenye filamu

Anayekuja kwa sababu ya filamu anatafuta zile dakika ishirini na moja za Live Aid, uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985. Siku ile waliimba sehemu ya Bohemian Rhapsody, kisha Radio Ga Ga, Hammer to Fall, Crazy Little Thing Called Love, kipande cha We Will Rock You, wakafunga kwa We Are the Champions. Nne kati ya hizo ziko ya Kwanza, mbili ziko ya Pili. Kwa hiyo kwa hesabu tupu ya Kwanza inashinda, lakini zile mbili ndizo zilizofanya mikono ya watu elfu sabini na kitu ipande pamoja. Mtu wa filamu anahitaji zote mbili, hakuna njia ya mkato.

Sasa zile nyingine

Queen Rocks ya 1997 ndiyo jibu kwa anayesema anataka roki nzito tu, hataki piano wala baiskeli. Nyimbo 18. Humu ndimo utakutana na Tie Your Mother Down, Stone Cold Crazy, Keep Yourself Alive, It's Late, nyimbo ambazo hazimo ya Kwanza wala ya Pili, na ambazo mashabiki wa zamani wanakusuta ukisema unaijua Queen na huzijui. Stone Cold Crazy ni ya 1974, inakimbia kwa kasi ambayo bendi za metali zilikuja kuizoea miaka kumi baadaye. Inafunga No-One but You, wimbo mpya waliourekodi watatu waliobaki, wa kumuaga Freddie. Ndiyo rekodi ya mwisho ya John Deacon na bendi. Udhaifu wake ni mmoja: ukianza na hii utadhani Queen ilikuwa bendi ya gitaa tu, na utaukosa ule upana wote. Ni kama kumla samaki ukaacha nazi. Kwa kijana anayesikiliza metali mpe hii kwanza, atakuja mwenyewe kwenye nyingine.

Greatest Hits III ya 1999 si mkusanyiko wa aina ileile. Ni kapu la vilivyobaki: wasanii wageni, kazi za Freddie na Brian nje ya bendi, rimiksi. Ndani yake kuna lulu. Kuna Barcelona, Freddie na Montserrat Caballé, ambao nadhani ni mahali pekee utakapomsikia kijana yule wa Unguja akisimama bega kwa bega na sauti kubwa ya opera na asitetereke. Kuna George Michael akiimba Somebody to Love kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie, Wembley, 20 Aprili 1992, uwanja mzima ukimwitikia. Na These Are the Days of Our Lives unapatikana humu. Ila rimiksi ya Another One Bites the Dust aliyoifanya Wyclef Jean sioni imeongeza nini. Usinunue ya tatu kabla ya mbili za kwanza, hiyo ni sheria yangu.

Absolute Greatest ya 2009 ina nyimbo 20 zilizochumwa kutoka zote tatu. Kwa mwenye bando dogo inavutia, na kwa zawadi ya mtu mzima asiye na haja ya kuingia ndani inatosha. Lakini angalia walivyoviacha: hamna Now I'm Here, hamna Hammer to Fall, hamna Fat Bottomed Girls, hamna Innuendo. Meno yameng'olewa. Wameuanza kwa We Will Rock You na kumalizia kwa Bohemian Rhapsody, kama ya Kwanza iliyogeuzwa miguu juu.

Anayependa vitu vya kushika mkononi na ana uwezo, atafute Platinum Collection ya 2000. Ni zile tatu ndani ya boksi moja, basi, na mara nyingi bei yake haizidi sana ya mbili ukizinunua mojamoja.

Mtego wa toleo la Marekani

Hili liliwahi kunikuta. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Marekani, nikamwagiza Greatest Hits ya Queen. Akaniletea sidii yenye jalada jekundu, nyimbo 17, nikashukuru. Nikaiweka, nikasubiri ile piano ya mwanzo, badala yake nikasikia miguu ikikanyaga. Nikapitia orodha mara mbili. Bohemian Rhapsody haumo.

Toleo la Marekani la 1992 lenye jina la Greatest Hits limepangwa tofauti kabisa: lina I Want to Break Free na Body Language, halina Bohemian Rhapsody wala Under Pressure. Hizo mbili ziliwekwa kwenye mkusanyiko mwingine uliotoka Marekani mwaka huohuo, Classic Queen, pamoja na The Show Must Go On, Tie Your Mother Down na nyinginezo. Kwa hiyo huko zinakwenda kwa jozi, jekundu na Classic, ukichukua moja umepungukiwa. Ukiagiza kwa ndugu aliye Houston au Toronto, usimwambie jina la albamu peke yake. Mtumie orodha ya nyimbo, mwambie wa kwanza lazima uwe Bohemian Rhapsody na wa mwisho We Are the Champions. Ya Pili ya Uingereza utaitambua kwa jalada la bluu lenye nembo ya dhahabu: simba wawili, kaa, na wasichana wawili wa hadithini wenye mabawa. Nembo hiyo aliichora Freddie, aliyesomea uchoraji chuo cha Ealing, London, akitumia alama za nyota za kuzaliwa za wenzake na yake.

Nilichomwambia mpwa wangu

Nilimwambia achukue ya Kwanza, toleo la Uingereza, aishushe nzima mahali penye Wi-Fi, asiichanganye, aisikilize kwa hedifoni usiku mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ya saa hiyo moja atajua kama bendi hii ni yake. Akiona piano zimezidi, aende Queen Rocks moja kwa moja. Akijikuta amerudia Somebody to Love mara tatu, basi wiki inayofuata achukue ya Pili, na aiweke kwa ajili ya safari.

Kwangu mimi, ukinilazimisha nibaki na moja, nabaki na ya Pili. Si kwamba ni bora. Ya Kwanza imekamilika zaidi. Ni kwa sababu ya Innuendo, na ile noti ya mgonjwa. Lakini mimi nimeisikiliza ya Kwanza miaka thelathini, naweza kuipiga kichwani bila sidii, na mtu anayeanza hana akiba hiyo.

Juzi ameniandikia ujumbe. "Mjomba, nimefika Now I'm Here. Sauti imetoka kushoto ikaenda kulia, nimegeuka kuangalia nani yuko mlangoni." Ameomba nimtafutie ya Pili kabla hajapanda basi la kuja Dar Ijumaa.